Maji ya Bata

Enzi zetu, ukitaka kujua jambo ulimwendea mtu. Ulimpa shikamoo, ukasubiri aitikie marahaba, ukauliza, halafu ukamwomba Mungu awe ameamka na moyo wa kukujibu. Wengi hawakuwa nao. Wenzangu mliokulia Newala, kule juu kwenye mchanga mwekundu, hamhitaji kuelezwa. Majibu yalikuwa ya shida kama maji. Mtoto muulizaji aliitwa mdomo mrefu, na katika kijiji chetu upande wa Mnyambe, mdomo mrefu nilikuwa mimi.

"Utayajua unyagoni," mama alinijibu kila nilipouliza habari za viumbe. Kwa nini jogoo anampanda tetea na tetea haanguki? Unyagoni. Mbuzi anajuaje kwamba siku zake zimefika? Unyagoni. Nilifika mahali nikaamini kwamba huko unyagoni kuna sanduku kubwa limejaa majibu ya dunia nzima, na wasichana wakubwa wanalifungua kwa zamu.

Vijana wa siku hizi nawaonea wivu, na kidogo nawacheka. Mwaka jana nilimsikia binti mmoja ananung'unika kwamba simu yake imechoka, kauliza swali na jibu linasuasua. Halikuchukua sekunde tatu. Mimi nina swali moja ambalo jibu lake lilichukua siku thelathini na tano, na lilipofika lilikuta swali limeshaibomoa nyumba yetu. Swali lenyewe ni namna bata wanavyozaana. Anayetaka kucheka acheke sasa, maana mbele huko pa kuchekea ni pachache.

Mazuri yalikuwepo, nisije nikayakana. Tulicheza rede kwa mpira wa matambara. Tulicheza mdako kwa korosho zenye maganda, na mjinga mmoja kila mwaka aliitia mdomoni mbichi ikamchubua midomo wiki nzima. Mama alichemsha ming'oko, viazi vya porini, alfajiri, tukaenda nayo shule ikiwa bado ya moto, tukaimenya kwa meno. Msimu wa korosho kijiji kizima kilinuka mabibo yaliyoiva kupita kiasi, na jioni ulipanda moshi mweusi wa korosho zikikaangwa juu ya bati lililotobolewa. Sijaisikia tena harufu ile ikanipita bila kunigeuza shingo.

Kisha mikorosho ikaugua. Maua yalikuja yamepakwa kitu cheupe kama majivu, yakakauka kabla ya kufunga tunda. Dawa ya salfa haikufika, au ilifika ikaishia kwa wengine. Ndiyo miaka ile ambayo neno lililokuwa midomoni mwa watu ni ruksa. Mitumba ruksa. Sabuni ya nje ruksa. Mtu kuingia kijijini na gari lake akanunua anachotaka, ruksa. Madukani vikarudi vitu ambavyo tulikuwa tumesahau rangi zake, nasi tukawa tunakwenda kuvitazama kama watu wanaokwenda kumjulia hali mgonjwa. Na ada za shule, ambazo wazee wetu waliambiwa zimekwisha, nazo zikarudi.

Dada yangu Zuhura alikuwa darasa la saba. Mimi nilikuwa la tatu. Alikuwa na akili ambayo hata walimu waliitaja kwa sauti ya chini, kama watu wanaotaja ugonjwa, kwa sababu kila mtu alijua nyumba yetu haina cha kuipeleka akili ile popote. Baba aliitazama mikorosho yake miezi mitatu. Halafu asubuhi moja aliifunga redio yake kwenye baiskeli, akateremka kwenda Masasi, akapitiliza hadi Lukuledi, kwa mzee mmoja aliyefuga bata kando ya mto. Alirudi siku ya nne. Redio haikuwepo. Nyuma ya baiskeli kulikuwa na tenga, na ndani ya tenga bata watatu, dume moja na majike mawili, wamekaa kimya wanatutazama kwa jicho la upande.

Mpango wake ulikuwa huu. Mnunuzi mmoja wa gari, mtu wa Mtwara, alikuwa amemwambia kwamba hoteli za pwani zinatafuta bata, na kwamba akipata kundi la bata wakubwa kabla shule za sekondari hazijafunguliwa, atalibeba lote. Ndani ya kundi hilo kulikuwa na ada ya Zuhura, sanduku la bati, godoro na shuka mbili.

"Zuhura," baba alisema, "hawa ndio watakaokupeleka sekondari."

"Na nisipofaulu, baba?"

"Tutakula bata."

Akacheka. Ni mara ya mwisho ninayokumbuka baba akicheka kwa sauti.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana jambo lote limelala hapa. Kwetu uwandani ukiletewa kiumbe kigeni, awe ng'ombe awe mke, swali la kwanza ni moja tu: anatumia maji kiasi gani? Baba alimkalia yule mzee wa Lukuledi kutwa nzima akimuuliza maji. Wanakunywa kiasi gani. Wanaoga au hawaogi. Wakikosa siku moja itakuwaje, wakikosa siku mbili itakuwaje. Mzee alimwambia kwamba bata hapandi sawasawa mpaka apate maji ya kuingia mwili mzima. Baba alirudi amekariri yote hayo, ametosheka. Kwa akili ya mtu wa Newala, alikuwa ameuliza kila kitu.

Mabomba ya serikali yalikuwepo, yakikohoa upepo. Maji ya kweli yalikuwa bondeni, chini ya ukingo, na ndoo moja ilikuwa safari moja: unaondoka kwa adhana ya alfajiri, unarudi jua limeshapanda, shingo imeingia mabegani. Nyumba yetu ilikuwa ya nyasi, hatukuwa na bati la kuvunia mvua wala kisima cha kuihifadhia. Baba alikata pipa kuukuu, akalizika nusu ardhini nyuma ya jiko. Mama akalitazama pipa, akamtazama baba.

"Baba Zuhura, mimi ndoo yangu ni ya kupikia."

"Nitateka mimi," Zuhura akasema. "Ni bata wangu."

Basi kila siku akarudi shule, akala muhogo wake, akashuka bondeni mara ya pili. Kijiji kikapata cha kusema. Wasichana wenzake walimngoja kwenye foleni ya maji.

"Zuhura, mchumba wako anaoga mara ngapi kwa siku?"

"Mara moja. Wako je, ameshaoga tangu Idd?"

Walicheka wote, na yeye akacheka, akajitwisha ndoo. Lakini mimi nililala naye mkeka mmoja. Nilikuwa nikimkanda shingo kwa mafuta ya nazi, na pale kati utosini nywele zilikuwa zimeanza kukatika.

Maji yalipojaa pipa, dume lilibadilika. Lilikuwa kubwa, jeusi na jeupe, na manundu mekundu usoni kama mtu aliyeungua. Halikuwa na sauti. Jike lilikuwa na kasauti kembamba ka kulalamika, dume lilikuwa na pumzi tu, haah, haah, huku likipeleka kichwa mbele na nyuma. Jike liliingia majini, likajilaza, likashusha shingo. Dume likapanda mgongoni, likateleza, likapanda tena, likamkamata kisogo kwa mdomo na kumzamisha mpaka nikadhani anamuua. Kichwa cha jike kilipotea majini. Mkia ukasogea pembeni, ukatafutana na mkia. Ilikuwa haraka. Dume likaanguka upande mmoja kama mlevi, na jike likaibuka, likajipiga mbawa, likaoga vizuri kabisa kama aliyetoka shamba.

Niliuliza darasani. "Mwalimu, kwa nini bata dume anamzamisha mwenzake?" Nilichapwa viboko viwili, kimoja cha swali na kingine cha wenzangu waliocheka.

Nikamuuliza Zuhura njiani kutoka kwenye maji. Yeye alikuwa ameshatoka unyagoni.

"Unyagoni walisema nini kuhusu bata?"

Alicheka mpaka maji yakamwagikia usoni. "Mdomo mrefu wewe! Mambo ya bata hayamo unyagoni."

"Yako wapi sasa?"

Akaisawazisha ndoo kichwani. "Sekondari kuna somo la viumbe tu. Wanapasua hata chura, wanatazama ndani kuna nini na kinafanya kazi gani. Wewe andika maswali yako. Kila likizo nitakuletea majibu."

Nilichukua daftari lililobaki kurasa chache, nikaandika. Swali la kwanza lilikuwa la bata. Yalifika arobaini na kitu.

Jike moja lilitaga. Lilificha mayai yake kwenye majani makavu nyuma ya ghala, likayafunika kwa manyoya lililojing'oa kifuani, na baba akatuonya tusisogee. Yalifika kumi na mawili. Likaanza kuatamia. Zuhura akachukua kaa la moto lililozimika, akaanza kuchora ukutani, mstari mmoja kila asubuhi.

Wiki ileile ulikuwa mtihani wa darasa la saba. Zuhura hakushuka bondeni siku tatu, na mama alisema bata si watu, watasubiri. Pipa likakauka. Dume halikusubiri. Lilimkamata jike la pili palepale kwenye mchanga mkavu, mchana kweupe, likaanguka upande kama kawaida yake. Liliposimama, kitu kilikuwa kinaning'inia nyuma. Kilikuwa kirefu, cheupe chenye wekundu, kimejisokota kama kamba iliyoloa, na kila hatua kiliburuta mchanga. Kufika kesho yake kilikuwa kimevimba na kukauka, nzi wamekijaa.

Mama akamwita Mama Salumu. Mama Salumu alikuwa jirani yetu, na hapakuwa na mwanamke aliyejua kuku kama yeye. Kuku wake walipona kideri wakati wa wengine wanakufa. Alikuwa mtu mwema. Hata leo nikimkumbuka nakumbuka mikono yenye joto. Alilishika dume, akaligeuza, akatikisa kichwa.

"Mnyoo huu. Tena mkubwa. Huyu kaumwa siku nyingi, nanyi hamkuona."

"Utatoka?" mama aliuliza.

"Ukivutwa unakatikia ndani. Nipe wembe na majivu."

Mimi ndiye niliyeshika mbawa. Dume halikulia, kwa kuwa halikuwa na sauti ya kulilia. Pumzi tu ziliongezeka, haah, haah, haah, zikawa za karibu karibu. Mama Salumu alipaka majivu, akanawa, akasema atapona.

Zuhura alirudi jioni akinuka wino. Nilimkimbilia kumpa habari. Alisimama.

"Mmekata nini?"

Nikamwonyesha kilipokuwa. Akaweka kiganja mdomoni. Unyagoni hawakumfundisha bata, lakini walikuwa wamemfundisha vya kutosha.

"Esha," aliniambia polepole, "ule haukuwa mnyoo."

Baba alilichinja dume baada ya siku nne, lilipoacha kula. Zuhura hakuonja. Jike la pili liliendelea kutaga kidogo, mayai maji matupu. Na hapakuwa na redio nyingine ya kubadilisha. Yakabaki yale kumi na mawili ya nyuma ya ghala, yaliyotiwa mbegu kabla ya wembe. Kuanzia hapo hakuna aliyelitaja jambo hili nyumbani, ila kila mtu akienda chooni alipitia ghalani.

Siku ya ishirini na moja tulikaa wote. Kuku anaangua siku ishirini na moja. Kwetu hilo hata mtoto alilijua, kama jina la baba yake. Hapakutokea kitu. Ishirini na mbili, hakuna. Ishirini na nne, mama alianza kulala vibaya. Jike lilikuwa limebaki mifupa na hasira. Na kila siku lilikuwa linatoka, linajitumbukiza kwenye maji ya Zuhura, linarudi linachuruzika kukalia mayai.

"Anayaloweka," Mama Salumu alisema, mikono kiunoni. "Nani anaatamia ameloa? Mama Zuhura, huyu si mama. Huyu ni chizi. Kayaozesha kwa maji."

Siku ya ishirini na sita alikuja na beseni. Zuhura alikuwa bondeni. Baba alikuwa shamba. Jike lilifunikwa tenga, likatupigia kelele zake nyembamba. Mama Salumu akayaweka mayai majini, moja moja, kama tunavyofanya kwa ya kuku: zima linazama, bovu linaelea. Yote kumi na mawili yakaelea.

Mama akakaa chini, pale pale kwenye mchanga.

Nilikuwa nimechutama kando ya beseni. Niliona yai moja likicheza, lenyewe, kama mtu anavyoguna usingizini.

"Mama, hili linatikisika."

"Ni upepo," Mama Salumu akasema kwa upole.

Hapakuwa na upepo.

"Esha, kayatupe shimoni," mama alisema bila kunitazama. "Kabla dada yako hajarudi. Asiyaone."

Niliyabeba kwa ungo mpaka shimo la taka, nyuma ya mkorosho wa mwisho. Mengine nitakayosema hapa sikuwahi kumwambia mtu kwa zaidi ya miaka thelathini. La kwanza nililipiga kwa jiwe nikitaka kuona yai bovu la bata likoje ndani. Halikunuka. Ndani kulikuwa na bata. Alikuwa na manyoya ya njano na meusi yaliyolala kwa ute, macho yamefumbwa, miguu yenye vidole vilivyounganishwa tayari, na tumboni kiini cha yai kikiwa bado nje, kimeshikana naye kwa mishipa myekundu. Alifungua mdomo. Akaufunga. Akaufungua tena.

Mtoto mwingine angepiga kelele. Mama alikuwa hatua hamsini. Mimi nilichukua la pili.

Nilitaka kujua kama na lile liko hivyo. Nilipoona liko hivyo, nilitaka kujua la tatu, kama kiini chake ni kikubwa zaidi au kidogo. Nilitaka kuona moyo. Katika la tano niliuona, ukipiga chini ya ngozi. Sikumbuki kusikia huruma. Hilo ndilo linalonitisha hadi leo. Nakumbuka furaha, furaha safi, ya mtu aliyefunguliwa lile sanduku la unyagoni na kuachwa nalo peke yake. Niliyavunja kumi. Moja kwa kutojua, tisa kwa kujua.

Zuhura alisikia kelele za jike, akakuta kiota kitupu, akanifuata shimoni. Ndoo alikuwa ameitua mahali. Alisimama juu yangu, akapiga magoti, akampokea mmoja aliyekuwa bado anafumbua mdomo, akamweka kiganjani.

"Huyu hajaoza," alisema. "Huyu alikuwa bado anapikwa."

"Mama alisema..."

"Yamebaki mangapi?"

"Mawili."

Aliyafunga kwenye kanga, kifuani, akakimbia. Alilifunua tenga, akayarudisha, jike likayavuta chini ya tumbo kwa mdomo kana kwamba hakuna kilichotokea, likatulia. Zuhura akarudi ukutani, akachora mstari wake wa ishirini na sita, ambao siku hiyo hakuna aliyeukumbuka.

Alichora mingine tisa. Siku ya thelathini na tano yai moja lilitoboka, na kikatoka kifaranga cha njano kikiwa na doa jeusi kichwani. La pili lilikufa ndani. Baba alikuja, akachutama, akahesabu mistari kwa kidole tangu mwanzo hadi mwisho, mara mbili. Mama Salumu naye aliitwa. Alihesabu. Akavuta kanga akajifunika uso, akaenda kwake, na tangu siku ile hakugusa kuku wa mtu. Kifaranga kilikua. Hakuna gari linalotoka Mtwara kufuata bata mmoja.

Jina la Zuhura lilikuja kati ya waliochaguliwa sekondari. Lilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya mwalimu mkuu, wasichana wawili tu shule nzima, na la kwanza lilikuwa lake. Watu walimpigia vigelegele. Baba alizunguka kwa ndugu, Masasi, Chidya, hadi kwa shemeji ambao hawakuwa wanasemezana naye. Kila nyumba ilikuwa na mikorosho yake iliyougua. Shule ikafunguliwa. Wiki ya kwanza Zuhura alifua sare yake ya darasa la saba, akaianika, akaikunja. Wiki ya tatu tulisikia nafasi imepewa mwingine.

Asubuhi moja akanirudishia daftari langu la maswali.

"Lichukue, Esha. Sina pa kuyapeleka."

Kabla mwaka haujaisha aliolewa. Amezaa saba, amezika watatu.

Mimi shule niliiacha darasa la tano. Watu hudhani nilishindwa. Nilikuwa sina wa kumuuliza. Nimepika kwa wapakiaji wa korosho Masasi, nimeuza mitumba, nimekaa Tunduru na wachimba vito, nimevuka Ruvuma nikarudi, nikavuka tena. Popote penye maji nilitafuta bata. Najua sasa kwamba jike hujilowesha kwa makusudi, ngozi ya ndani ya yai isikauke ikamfunga mtoto. Najua kwamba yai la bata linaelea likiwa hai, kwa sababu hewa imeongezeka ndani. Najua kitu cha dume hurudi ndani chenyewe kikipata maji safi, na kisiporudi kinasafishwa na kurudishwa kwa kidole kilichopakwa mafuta. Nilipita hata Lukuledi. Mzee alikuwa amekufa, nikamkuta binti yake, mwenyewe akiwa bibi. Nilimpa shikamoo, nikajitaja mtoto wa nani.

"Yule wa redio!" alisema. "Tulimshangaa. Mtu kakaa kutwa anauliza maji, maji, maji. Baba alisubiri aulize siku. Hakuuliza. Tukasema labda anajua."

Mwaka jana nilirudi Mnyambe kumwona Zuhura. Ni mjane sasa, na utosini hapakuota nywele tena. Nyumba yake ina bati, na kando yake kisima cha saruji kimejaa mvua. Anachota hatua tano kutoka mlangoni. Mjukuu wake, Neema, yuko kidato cha tatu, shule ya kata, anakwenda na kurudi kwa miguu, na analalamika kuhusu jua.

Tulikuwa tumekaa barazani tunachambua mbaazi. Zuhura akasema, bila kuinua macho, "Esha, la kwanza ulivunja hujui. Hayo mengine?"

Mbaazi zilinikwama vidoleni.

"Nilijua, dada."

"Mangapi?"

"Tisa."

Alichambua kidogo. Nilingoja kile nilichokikimbia hadi ng'ambo ya Ruvuma. Akasukuma ungo pembeni.

"Walikuwaje?"

"Nani?"

"Walivyokuwa ndani. Mimi nilimwona yule mmoja tu, tena na machozi. Hayo ndiyo niliyokuwa naenda kusomea. Nieleze."

Nikamweleza. La kwanza, la pili, la tatu. Kiini, mishipa, ukucha mdogo mweupe ncha ya mdomo wa kutobolea ganda, moyo wa yule wa tano. Alisikiliza amefumba macho, mikono mapajani, akinikatisha kuuliza: mshipa uliingilia wapi? Mbawa zilikunjwa mbele au kando? Aliuliza vizuri. Jamani, aliuliza vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye.

Neema alikuwa anatusikia. "Bibi, kwani bata si mngeangalia tu kwenye simu?" Akaandika kwa kidole gumba, akanung'unika kwamba mtandao unasuasua, kisha uso ukang'aa. "Hii hapa."

Nilitazama ile simu. Nikawaza mistari thelathini na mitano ya kaa la moto, na ndoo moja karibu kwa kila mstari, na njia ile ya ukingoni. Enzi zetu jibu moja lilibebwa kichwani mpaka nywele zikakatika, na likamwagika mlangoni. Leo linaanguka mkononi mwa mtoto aliyelala chali, naye anapiga miayo. Sisemi zamani kulikuwa bora. Nasema tu kwamba yule aliyestahili kuishika ile simu alikuwa amekaa hapa, mbaazi mapajani, miaka thelathini amechelewa.

"Siku thelathini na tano," Neema alisoma.

Zuhura alifumbua macho, akamtikisia kichwa kama mwalimu mbele ya darasa lake.

"Sahihi," akasema.